Tusing'oe Kabla ya Wakati

Dominika ya 11 ya Mwaka B
Injili: Marko 4:26–34



Katika Injili ya Dominika ya leo tumemsikia Bwana wetu akiufananisha Ufalme wa Mungu na mkulima aliyetawanya mbegu katika shamba lake. Mkulima huyo, akiisha kupanda, anaendelea na maisha yake ya kila siku. Usiku analala na kulipopambazuka anaamka, na muda wote huo mbegu inafanya kazi yake chini ya ardhi, kwa namna ambayo yeye mwenyewe hawezi kuieleza. Kazi yake inaanza tena siku ya kuchukua mundu.

Wengi wetu ni wakulima, au walau ni watoto wa wakulima, na mfano huu hautuhitaji mkalimani. Hata hivyo, leo hatutazungumza juu ya mahindi wala ngano. Tungependa kuwaalika bustanini, nyuma ya nyumba, mahali ambapo mtu hupanda kitu kidogo kwa ajili ya furaha ya macho, na kuzungumza juu ya ua moja ambalo lilitufundisha Injili hii kwa gharama. Ua hilo ni pareto.

Wasikilizaji wetu wa nyanda za juu wanaifahamu pareto kama zao la kuuza. Wa pwani na wa mijini huenda wanaifahamu kwa dawa ya kuulia wadudu tu. Kwa sababu hiyo tumesahau kwamba pareto ni ua, tena ua zuri: duara la petali nyeupe, moyo wa njano katikati, nalo limesimama juu ya kikonyo chembamba kinachoyumba kila upepo unapopita. Asili yake ni pwani ya Dalmatia, katika nchi ambayo leo inaitwa Kroatia. Ililetwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, kisha ikaingia Tanganyika, na hadi leo wapo wanaoilima huko Molo na Nyandarua, na hapa kwetu katika milima ya Mufindi, Makete na Mbeya. Tena si mmea wa msimu mmoja kama mahindi. Ni mmea wa kudumu: ikiisha kushika ardhi, hutoa maua mwaka hata mwaka, kwa miaka mitatu au zaidi, kutoka katika shina lile lile.

Ndugu wapendwa, sasa tuwasimulieni kisa chetu.

Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa bado wachanga katika upadre, tulipangiwa kazi katika parokia moja ya nyanda za juu kusini, mahali ambapo asubuhi mgeni huulizia moto kabla ya kuulizia habari. Pamoja na kazi nyingine tulikabidhiwa darasa la vijana waliokuwa wakiandaliwa kupokea Sakramenti ya Kipaimara. Masomo yalifanyika kila Jumamosi asubuhi. Tuliweka kanuni moja, nayo tuliitangaza siku ya kwanza: atakayekosa masomo mara tatu atafutwa katika orodha. Tuliamini kwamba kwa kufanya hivyo tunalinda heshima ya Sakramenti.

Kijana mmoja, ambaye hatutamtaja jina, alikosa mara tatu. Alikuwa mkimya, mwenye kukaa benchi la nyuma, asiyejibu swali mpaka aitwe. Alipofika Jumamosi iliyofuata, tulimwambia mbele ya wenzake kwamba jina lake limekwisha kufutwa, na tukamwonyesha daftari mahali ulipopita mstari wa wino mwekundu. Hakubisha. Alisema, "Sawa, Padre," akachukua sweta lake lililokuwa juu ya benchi, akaondoka. Sisi tukaendelea na somo. Somo la siku ile, tunalikumbuka vizuri, lilihusu vipaji saba vya Roho Mtakatifu.

Askofu akaja, Kipaimara kikatolewa, sherehe ikafana. Mwezi wa Juni, katika baridi kama hii ya wiki hizi, alifika barazani petu mama mmoja. Alikuwa mama wa kijana yule. Tulijiandaa moyoni kupokea lawama, na majibu tulikuwa nayo tayari. Yeye alitusalimu kwa adabu, akaketi, akafungua fundo la kanga yake, na humo akatoa vichwa vya maua vilivyokauka mpaka kuwa rangi ya kahawia.

"Padre," alisema, "nimekuletea mbegu za pareto. Nimeona nyuma ya nyumba yenu pana mahali patupu. Ni ua zuri, hata altareni linapendeza."

Tulimshukuru. Alipokuwa amekwisha kusimama ili aage, ndipo alipoongeza, bila kupaza sauti: "Mwanangu anakusalimu. Amekwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya chai. Zile Jumamosi alizokosa alikuwa anachuma na kuanika maua. Mimi nilikuwa naumwa, na nyumbani hapakuwa na mwingine."

Msikilizaji asiyelima pareto inafaa aelezwe maana ya maneno hayo. Maua ya pareto huchumwa kwa zamu, kila baada ya wiki mbili au tatu, yanapokuwa yamefunguka sawasawa. Yakiachwa yapite wakati wake, thamani yake hupungua. Na yakiisha kuchumwa hayana budi kuanikwa upesi, kwa maana yakirundikwa mabichi hupata joto, huoza, na jasho la wiki nzima hutupwa. Ua lililochumwa halimngoji mtu amalize masomo. Kijana yule alikuwa amechagua kati ya darasa letu na dawa ya mama yake, na sisi hatukumwuliza hata neno moja.

Pengine mngetarajia kwamba tulielewa saa ile ile. La, hatukuelewa. Tulisikitika kidogo, tukajiambia kwamba kanuni ni kanuni, tukaenda kupanda zile mbegu.

Mbegu ya pareto ni ndogo na nyembamba, mfano wa kipande cha unyasi kilichokatwa kwa kucha. Sisi tuliipanda kama watu wanavyopanda maharage: tukatoboa udongo kwa kidole, tukaitumbukiza, tukaifukia vizuri. Kisha tukaanza kuingoja, na kungoja kwetu kulikuwa kwa mtu asiye na imani. Kila baada ya siku mbili tulichukua kijiti tukafukua hapa na pale ili tuone kama imeanza kuota. Haikuota. Mbegu ndogo kiasi hicho haina nguvu ya kuusukuma udongo wa kina cha kidole, na zile chache ambazo huenda zilianza, kijiti chetu kilizimaliza.

Tukapanda mara ya pili, safari hii juu juu. Ila tulimwagilia kwa ndoo, kwa haraka, kabla ya kwenda vigangoni. Maji yakazikokota mbegu zote mpaka pembeni mwa tuta.

Mara ya tatu tulijirekebisha. Tulipanda juu juu, tukanyunyiza maji kwa kopo lenye matundu madogo, na baada ya wiki mbili hivi tukaona kijani. Lakini kijani kile kilikuwa kimechanganyika: palikuwa na majani ya namna nyingi, na mengi yalikuwa yamechanika-chanika kama yale ya magugu yaliyojaa kando ya barabara. Sikukuu ya msimamizi wa parokia ilikuwa inakaribia, wageni walikuwa wanakuja, nasi tulitaka bustani ionekane safi. Basi, asubuhi moja tuliinama tukapalilia. Tuling'oa kila kilichoonekana kuwa gugu, tukakirundika kando ya ua wa miti.

Jioni yake yule mama alipita. Aliitazama bustani ikiwa safi kabisa, kisha akalitazama lile rundo. Akaenda akainama, akaokota mche mmoja uliokwisha nyauka, akaupangusa udongo kwenye mizizi, akauweka kiganjani mwetu.

"Padre," alisema, "pareto ndiyo hii."

Tukanyamaza.

"Ikiwa changa hufanana na magugu," akaendelea. "Anayeijua huisubiri."

Wapenzi wasikilizaji, hatukuhitaji mahubiri mengine siku ile. Tulikuwa tumeushika mkononi mche tuliokuwa tumeungoja kwa miezi mitatu, nao tulikuwa tumeung'oa sisi wenyewe, kwa ajili ya usafi wa bustani. Na tuliona mbele ya macho yetu lile daftari na ule mstari mwekundu. Tulimwomba mama yule msamaha pale pale kando ya tuta, na machozi yakatutoka. Yeye alisema tu, "Zipo mbegu nyingine nyumbani."

Wiki iliyofuata tulisafiri mpaka kwenye yale mashamba ya chai. Tulimpata kijana yule wakati wa mapumziko ya mchana. Tulimwambia kwamba tulimkosea, kwamba tulimhukumu pasipo kumwuliza, na kwamba mlango u wazi wakati wowote atakaotaka. Alitusikiliza kwa heshima, akatushukuru kwa kuja, akatuagizia salamu kwa mama yake. Kisha kengele ikalia, akarudi kazini. Tulirejea parokiani tukiwa na uzito ule ule, kwa maana kuomba msamaha ni jambo moja, na kukirudisha udongoni kilichong'olewa ni jambo jingine.

Mara ya nne tulipanda chini ya uongozi wa mama yule, naye alitufundisha kama katekista anavyomfundisha mkatekumeni. Kwanza udongo ulainishwe mpaka usibaki donge, uchanganywe na samadi iliyooza vizuri. Tuta liinuliwe, kwa kuwa pareto haivumilii maji yaliyosimama. Mbegu zitawanywe katika vijifereji vyembamba, zifunikwe kwa udongo kiduchu uliochekechwa, kisha nyasi kavu zitandazwe juu yake ili unyevu usitoroke. Zikianza kuota nyasi ziondolewe, na badala yake kijengwe kichanja kidogo cha kivuli, ambacho nacho hupunguzwa pole pole ili miche izoee jua. Miche hukaa kitaluni miezi mitatu au minne, mpaka ifike kimo cha kidole kirefu. Mvua ikiisha kukolea huhamishiwa mahali pake pa kudumu, kila mche na nafasi yake, kiasi cha sentimita 30 toka mwenzake. Kisha hungojwa tena. Kutoka siku ya mbegu mpaka siku ya ua la kwanza, mwaka ulikuwa unakaribia kutimia.

Basi, kutokana na bustani ile tungependa mwende nyumbani na mambo matatu.

Jambo la kwanza ni kutambua kipi ni kazi yetu na kipi si kazi yetu. Mkulima wa Injili analala, na wako watu wanaoutumia usingizi huo kuwa kisingizio cha uvivu. Lakini mkulima huyo alikuwa amekwisha kupanda. Kulainisha udongo ni kazi yetu. Kunyunyiza maji kwa kiasi, kujenga kivuli na kukipunguza kwa wakati wake, kujifunza sura ya mche ili tusiufananishe na gugu, hayo yote ni kazi yetu, na tutaulizwa habari zake. Kuotesha si kazi yetu. Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorinto jambo hilo walipokuwa wakigombana nani ni mkuu kati ya aliyepanda na aliyemwagilia, naye akawaonyesha kwamba wote wawili si kitu mbele ya Mungu mwenye kukuza. Mtu anayefukua mbegu kila siku ili aone kama imeota amejitwalia kazi ya Mungu, na papo hapo ameiacha ya kwake.

Ninyi makatekista mnaotusikiliza, jambo hili ni lenu kwa namna ya pekee. Orodha za mahudhurio zina faida yake, wala hatusemi zichomwe moto. Tunachowasihi ni hiki: kabla ya kalamu nyekundu kugusa jina la mtu, miguu yenu iguse kizingiti cha nyumba yake. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mche mchanga hautambuliki na mtu aliyesimama wima. Ulizeni nani mgonjwa pale nyumbani, nani anawalea wadogo zake, nani anaamka saa kumi za usiku kwenda kuchota maji. Mtashangaa mara ngapi kile tulichokiita uzembe ni upendo uliokosa mtu wa kuusemea.

Jambo la pili linawahusu wazazi. Ua la pareto lina siri moja ambayo wataalamu wa mimea wameithibitisha: haliwezi kujizalisha lenyewe. Chavua ya mmea mmoja haifai kwa mmea huo huo. Hauna budi kupokea chavua ya mmea mwingine, inayoletwa na nyuki, na vijidudu vingine virukavyo. Kwa sababu hiyo kila mbegu ina wazazi wawili, na miche itokayo katika kichwa kimoja cha ua haifanani yote. Mmoja hurefuka, mwingine huwa mfupi; mmoja huchanua mapema, mwingine huchelewa. Anayetaka mmea ulio sawasawa kabisa na mama yake hapandi mbegu. Hugawanya shina la zamani na kupanda vipande vyake.

Wazazi wapendwa, Mungu hakutupa watoto kwa kugawanya mashina. Alitupa kwa mbegu. Ni kweli kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, lakini methali hiyo haisemi kwamba atakuwa nakala yetu. Yuko baba anayemsusia mwanawe kwa sababu hakuchagua kazi aliyotaka baba. Yuko mama anayemhesabu binti yake kuwa amepotea kwa sababu hasali kwa namna ile ile mama anavyosali. Tuwaonye watoto wetu pale wanapokosa, ndiyo, na kwa uthabiti. Lakini tusiite kosa kile ambacho ni tofauti tu, na tusimng'oe mtoto kwa kuwa jani lake halikufanana na la kwetu. Imani aliyoipokea kwetu itachanua ndani yake kwa kimo chake na kwa majira yake.

Jambo la tatu ni juu ya baridi. Watu wamejaribu kupanda pareto katika nchi za joto. Inaota, inanawiri, inatoa majani mengi, lakini maua haitoi, au inatoa machache mno. Pareto huhitaji siku kadhaa za baridi, joto likishuka chini ya nyuzi 16 hivi, ndipo inapoanza kuumba vichwa vya maua. Baridi ile ile inayotufanya tujikunyate kwa mablanketi katika miezi hii ya Juni na Julai ndiyo inayoliamsha ua.

Hatusemi kwamba Mungu anafurahia mateso yetu. Kijana yule alipoachiwa kazi ya nyumba nzima mabegani mwake, ile haikuwa zawadi. Na sisi tulipomwongezea aibu mbele ya wenzake, ile haikuwa malezi, ilikuwa dhambi yetu. Lakini mmekwisha kuona, hata katika jumuiya zenu ndogo ndogo, kwamba yuko mtu ambaye maisha yake yalikuwa majani matupu wakati wa neema, kisha ukaja msiba, au ugonjwa, au mwaka wa njaa, na ndani ya baridi hiyo akaanza kusali kweli na kumhurumia jirani. Basi, ndugu yetu anayepita katika baridi sasa, tusimtangazie kwamba imani yake imekufa. Tukae naye tumwashie moto. Hatujui ni kichwa gani cha ua kinachoumbwa usiku ule.

Tena, pareto ni mmea wa kudumu. Msimu wake ukiisha, vikonyo hukauka, na bustani huonekana kama mahali palipoungua. Mgeni angechukua jembe. Mwenye kuijua pareto huchukua kisu, hukata vikonyo vilivyokufa karibu na ardhi, na kuliacha shina lilivyo. Mvua zikirudi, machipukizi hutoka upya. Wako Wakristo wengi waliobatizwa, wakafundishwa sala magotini pa bibi zao, kisha vikonyo vyao vikakauka. Hatuwaoni kanisani, wala jumuiyani hawafiki. Tukumbuke kwamba walichopandiwa hakikuwa cha msimu mmoja, na Ubatizo haufutiki.

Ndugu wapendwa, huenda mnangoja kusikia habari za kijana yule. Tulikaa katika parokia ile miaka mingine kadhaa, wala hakurudi. Kila tulipolipamba altare kwa pareto za mama yake tulimwombea, na mara nyingine tuliomba kwa midomo tu, kwa maana tumaini lilikuwa limetupungukia. Kisha tukahamishwa. Tuliacha nyuma ya nyumba matuta mawili yaliyojaa mashina yaliyoshikamana vizuri, na tukachukua mbegu chache katika bahasha.

Siku moja, tukiwa katika kituo kipya, ilifika barua fupi. Aliyeiandika ni yeye. Alieleza kwamba anataka kufunga ndoa, naye aliomba tumsaidie kupata cheti chake cha ubatizo kutoka katika parokia ya zamani. Katekista wa kigango cha karibu na mashamba ya chai alikuwa amempangia masomo Jumapili jioni, baada ya kazi, kwa kuwa ndio wakati alioweza, na Kipaimara alikuwa amekwisha kupokea. Mwisho wa barua aliuliza kama ile pareto nyuma ya nyumba ya mapadre bado ipo.

Tuliisoma barua ile mara nyingi. Katekista yule hatukuwahi kumwona uso kwa uso. Yeye alifanya kwa kijana yule jambo dogo ambalo sisi, pamoja na masomo yetu yote ya seminari, hatukulifanya: alimwuliza ni siku gani anaweza kufika. Sisi tuling'oa, Mungu akaulinda mzizi, na mwingine akaja kumwagilia. Sifa na zimrudie yule anayeotesha.

Wiki hii basi tuwaombeni tendo moja tu. Kila mmoja wetu amfikirie mtu mmoja ambaye jina lake amelifuta: katika daftari, au katika sala zake, au katika meza ya nyumbani kwake. Asiende kwake na hotuba. Aende na swali, aketi, asikilize jibu mpaka mwisho. Na mwenye kiwanja kidogo nyuma ya nyumba, mahali penye ubaridi wa kutosha, apande mbegu chache za pareto Julai au Agosti, ili miche iwe tayari kwa mvua. Azifunike kidogo, azinyunyizie kwa upole, kisha akalale. Siku atakayoliona ua la kwanza atakuwa amekwisha kuielewa Injili ya leo kuliko tulivyoweza kuieleza.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, wewe unayeotesha pasipo sisi kufahamu, utusamehe miche yote tuliyoing'oa kwa haraka zetu. Uwarudishe karibu wale waliotoka mbele yetu kwa aibu tuliyowapa sisi. Uwape wazazi uvumilivu, uwape makatekista macho ya kutambua kilicho kichanga, na wote walio katika baridi uwape mtu wa kuwawashia moto. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Tunawatakieni Dominika njema. Tumsifu Yesu Kristo.